Bei ya Benchi Tupu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa nawaambia mimi ni karani, yaishe. Nikisema ukweli maswali hayakomi. Shemeji yangu, mume wa dada, alinikalia kooni siku moja mezani mpaka nikamweleza: kuna picha za kamera ambazo watu wanazigombania kwenye minada mikubwa kama wengine wanavyogombania viwanja, na ofisi yetu inafuatilia kila inayouzwa, wapi, lini, kwa bei gani. Tunaweka kwenye kompyuta, na anayetaka kujua analipia. Shemeji akatafuna, akameza, akasema, "Kwa hiyo unalipwa kuandika bei za vitu ambavyo hutavinunua, vya watu usiowajua." Nikamwambia ndiyo, na wewe unalipwa kuwauzia bima ya maisha watu ambao hawana mpango wa kufa. Dada alicheka mpaka akapaliwa.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Bosi wetu tunamwita Desimali, kwa sababu hajawahi kukubali bei iandikwe bila nukta na sifuri zake mbili. Ni mtu wa haki lakini, simsemi vibaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia ukubwa wa picha, mwaka iliopigwa na mwaka iliosafishwa, maana picha iliyosafishwa na mpigaji mwenyewe wakati ule ule ni mali, na ile iliyosafishwa uzeeni ni mtoto wa kambo. Unaangalia kama ina sahihi, na kama ziko nakala nyingine duniani. Halafu unaandika makadirio ya mnada, halafu bei ya mwisho, ile ambayo nyundo ya dalali iligongea. Na kama hakuna aliyefikia bei ya chini, ile ambayo mwenye mali na mnada wamekubaliana kwa siri, unaandika neno moja tu: imedoda.

Hilo ndilo neno baya kuliko yote kwenye kazi yetu. Picha ikidoda mbele za watu imeungua. Miaka inapita hakuna wa kuigusa, maana kila mnunuzi akija kwetu kuangalia atasema, mbona wenzangu waliikataa? Kosa linaweza kuwa la makadirio yaliyowekwa juu mno, au la mvua siku ile, lakini nani anauliza. Inayobeba aibu ni picha.

Sasa, baba yangu ni mpiga picha. Usishtuke, si mtu maarufu. Alikuwa na studio ndogo mbele ya ofisi ya vitambulisho, akiwapiga watu picha za pasipoti kutwa nzima, kaa wima, usicheke, inua kidevu. Hizo ndizo zilizotulisha na kutusomesha. Lakini za kwake mwenyewe, alizopiga kwa roho yake, hazikuwa na mtu hata mmoja. Baba alikuwa anapiga mahali ambapo watu wameondoka sasa hivi: kitanda chenye bonde la mgongo, meza yenye vikombe vya watu waliokwenda zao, ukumbi wa hospitali baada ya saa ya kutazama wagonjwa. Wajomba zangu, kaka zake mama, walikuwa hawaachi kumcheka. "Jamani, mpiga picha gani huyu anasubiri watu waondoke ndiyo apige?" Mama alikuwa anawajibu huku akiwapakulia chakula, "Anasubiri na nyie muondoke awapige." Wakicheka, anacheka nao. Lakini nilikuwa namwona baba akiangalia sahani yake.

Mtu mmoja tu yumo kwenye picha za baba, naye ni mama. Alimpiga asubuhi moja ameinua uso kutoka kwenye beseni la maji, macho amefumba, maji yanamtiririka, na anacheka kitu ambacho hatutakijua kamwe. Nakala ni hiyo moja. Negativu yake iliharibika paa lilipovuja. Tangu mama afariki, picha ile ilikuwa ukutani mbele ya kitanda cha baba, na kila asubuhi kabla hajavaa viatu alikuwa anaiambia, "Umeamkaje, mke wangu?" Usithubutu kumsemesha kabla hajamaliza hapo.

Kitu kimoja zaidi ujue kuhusu nyumba yetu. Mama alitulea tuamini kwamba ukitoa, mkono wa kushoto usijue. Ukimsaidia mtu ukatangaza, umemuuzia. Basi sisi watoto watatu tukakua hivyo, kaka ambaye ni fundi bomba, dada ambaye ni muuguzi, na mimi kitinda mimba mwenye mdomo. Tunasaidiana kimya kimya kama wezi. Ada yangu ya chuo mpaka leo sijui nani aliimalizia, na nikiuliza wote wawili wananiona mgonjwa.

Basi, akaja mtaalamu mmoja wa mnada, mwanamke mdogo tu mwenye viatu vya heshima, anazunguka kutafuta wapiga picha waliosahaulika. Nani alimwambia habari za baba sijui, labda Desimali. Alikaa sebuleni kwa baba kutwa nzima akifungua maboksi, na mwisho akachagua picha moja: benchi la kituo cha basi, tupu, na gazeti limeachwa juu yake likipepea. Baba aliisafisha mwenyewe mwaka ule ule alioipiga, sahihi iko nyuma kwa penseli. Mtaalamu akasema itaingia mnada ujao. Makadirio yake yalikuwa kama bei ya baiskeli nzuri. Baba akasema baiskeli inatosha kabisa, na toka siku hiyo akaanza kuvaa shati la kupiga pasi hata kwenda dukani.

Mimi ndiye niliyeogopa. Jumapili tulikuwa kwa baba, tumeshakula, mimi naosha vyombo, dada anakausha, kaka ameegemea mlango anajifanya anasaidia. Nikawaambia kwa sauti ya chini, "Ile itadoda. Baba hana bei hata moja kwenye kumbukumbu zetu. Nani atathubutu kuwa wa kwanza? Na ikidoda, mzee hatainuka tena, mnamjua." Dada akasema, "Wewe mdomo wako!" Kaka akasema, "Aah, Mungu mkubwa," akaenda kuangalia mpira na baba. Nikawaona wote wawili hawana moyo. Ofisini kwetu ni marufuku kununua au kuuza, kwa hiyo mimi mikono yangu ilikuwa imefungwa.

Siku ya mnada nilifuatilia kwenye kompyuta kama kawaida ya kazi. Benchi la baba likatokea. Dalali, yule wa nyundo, akaanzia nusu ya makadirio, akaangalia ukumbi, kimya. Akashusha. Kimya. Nikafumba macho. Kisha akasema kuna mtu kwenye intaneti. Kisha akasema kuna mtu kwenye simu. Intaneti, simu, intaneti, simu. Wakavuka bei ya baiskeli, wakavuka bei ya pikipiki. Desimali aliinuka kwenye kiti chake akaja kusimama nyuma yangu, na wenzangu wakaanza kushangilia kama wako uwanjani. Nyundo ilipogonga, ilikuwa bei ya gari dogo la kazi. Nililia pale pale juu ya kibodi. Fahari ilinijaa kifuani mpaka ikauma.

Nikampigia baba. Nikamtajia. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Simu aliiweka mezani bila kukata, na nikamsikia kwa mbali akienda chumbani kumwambia mama.

Jioni, niko njiani kwenda kwake, dada akapiga simu analia. "Nisamehe mdogo wangu, nimeshindwa. Nilichukua mkopo kazini, nikajifungia stoo ya mashuka na simu sikioni, nikapandisha mpaka pa mwisho. Kuna shetani mmoja kwenye intaneti hataki kuachia." Sijamjibu, simu ya kaka ikaingia juu ya ile ya dada. Nikaipokea. "Nimeipata!" anapiga kelele. "Nimeipata picha ya mzee! Lakini kuna shetani mmoja kwenye simu kanikamua huyo, inabidi gari liende."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara na sketi yangu ya kazini. Nilimtukana kaka matusi ambayo yeye mwenyewe, fundi bomba, alikuwa hajawahi kuyasikia. Halafu nikampigia dada nikamtukana naye. Halafu nikawaunganisha wote wawili kwenye simu moja, na hakukuwa na wa kumlaumu. Kila mmoja alitaka baba asidhalilike, na kila mmoja alitaka asijulikane.

Tulipofika kwa baba tulimkuta jikoni anacheza. Redio ilikuwa imewashwa, na walikuwa hata hawapigi muziki, lilikuwa tangazo la sabuni. Baba anacheza tangazo la sabuni, mikono juu, slipa moja imemtoka. "Wanangu!" akasema. "Watu wawili hawajuani, wako wapi huko, wamegombania benchi langu!" Kaka akaangalia dari. Dada akamkumbatia baba ili asione uso wake. Hakuna aliyesema neno, na wewe ungekuwepo usingesema.

Asubuhi nilimwambia Desimali kila kitu. Sikutaka ile bei iingie. Akavua miwani, akaifuta, akauliza, "Nyundo iligonga?" Nikasema iligonga. "Atalipa?" Nikasema atalipa. "Basi ni bei. Sisi hatuandiki sababu, tunaandika bei." Nikaiandika, na nukta yake na sifuri zake mbili. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote duniani akitafuta jina la baba yangu, anakutana na namba moja tu, na namba hiyo ni gari la kaka.

Kaka aliuza gari, akalipa. Mnada nao hauna huruma, unamwongezea mnunuzi asilimia juu na unamkata muuzaji asilimia chini, kwa hiyo kilichofika kwa baba kilikuwa kimeshamegwa pande zote mbili. Na baba alifanya nini? Aligawa mafungu matatu kwenye bahasha, akatuita, akatupa. "Nimewala sana wanangu. Leo na nyie mnile kidogo." Kaka akapokea theluthi ya pesa zake mwenyewe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, baba." Mimi na dada tulimrudishia zetu pale nje kwenye ngazi. Zote zikijumlishwa hazikurudisha gari.

Kaka akaanza kutembea. Alimwambia baba gari liko gereji. Ukimdanganya mzee kwamba gari liko gereji, unapata wiki mbili, tatu. Baada ya hapo anauliza gereji gani. Baba alikuwa anakaa dirishani akimwona mwanawe anakatiza barabara na mabomba begani, jua la utosi, na alikuwa anaumia. "Kazi imemwangusha kijana wangu na hataki kusema," aliniambia. "Na mimi nimekaa hapa na bei yangu." Nikamwambia kaka yuko sawa. Akageukia dirisha tena.

Siku nilipomkuta yule mtaalamu sebuleni, viatu vyake vya heshima vimepangwa mlangoni, nilijua kuna jambo. Baba alikuwa amempigia mwenyewe. Mtaalamu amefungua kompyuta mezani, na kilichokuwa kwenye kioo ni ukurasa wetu. Ukurasa wangu. "Kwa rekodi hii," anasema, akigusa kwa kalamu ile namba niliyoiandika kwa mkono wangu, "tukipata kitu cha pekee, kisicho na nakala nyingine, tunaweza kuanzia mara mbili yake." Baba akainuka, akaenda chumbani, akarudi amemshika mama.

Nilipiga kelele. Sikujizuia. "Baba, hiyo hapana!" Akasema taratibu, "Mama yako angekuwepo angesema uza. Mtoto anatembea kwa miguu." Kaka alipokuja akamwambia, "Baba, mimi sitaki gari." Baba akamjibu, "Fundi gani hataki gari?" Dada akalia. Baba akamwambia, "Wewe ni muuguzi, umeona mangapi, unalilia karatasi?" Aliwaambia mnada waje wachukue Ijumaa.

Tukakutana nyumbani kwa dada, sisi watatu. Jambo lilikuwa wazi kabisa, na kwa sababu lilikuwa wazi ndiyo maana lilituua. Tukimwambia baba ukweli, kwamba lile benchi liligombaniwa na watoto wake, mama atabaki ukutani na baba ataanguka. Tukinyamaza, baba atabaki na fahari yake na mama ataondoka kwenda kwa mtu asiyemjua hata jina. Kaka akasema, "Mkimwambia mmemuua." Dada akasema, "Mama akitoka nyumba ile, mimi sitamsamehe mtu, na nyie wawili mkiwemo." Walipigana maneno mpaka shemeji akatoka akaenda kukaa nje. Mwisho wakanigeukia mimi. "Wewe ndiye wa habari za bei. Nenda wewe."

Ijumaa nikaenda mapema. Nilikuwa nimejiandaa, maneno nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta baba amenyoa, amevaa suti ya mazishi ya mama, anaifunga picha kwa karatasi laini. Akasema bila kugeuka, "Unajua wajomba zako walipiga simu? Mkubwa mwenyewe. Ameona ile bei gazetini. Akasema, shemeji, kumbe tulikuwa tunakucheka hatujui." Akakata utepe wa gundi kwa meno. "Mama yako alinitetea miaka yote ile, mwanangu, bila ushahidi hata mmoja. Kila siku nilikuwa najiuliza, huyu mwanamke anatetea nini? Sasa ushahidi upo. Naweza kumwangalia machoni." Kisha akacheka, kwa sababu kwenye picha mama amefumba macho. "Nishikie hapa," akasema.

Nikashika. Wallahi, mimi mwenye mdomo, nikashika kona ya karatasi na kumfunga mama pamoja naye, kona kwa kona, mpaka uso wake ukafunikwa. Ningeanzia wapi?

Mnada ule niliufuatilia ofisini, mlango nimeufunga. Na nitakwambia kitu kibaya: niliomba idode. Binti gani anamwomba Mungu baba yake akataliwe? Mimi. Ikidoda inarudi nyumbani, ndivyo nilivyojiambia. Baba atasikitika wiki moja, mama atarudi ukutani, maisha yataendelea. Picha ikatokea kwenye kioo, mama anacheka na maji usoni, na chini yake makadirio ya juu kama mnara, makadirio yaliyozaliwa na namba yangu. Dalali akaanza. Akaangalia ukumbi. Akaangalia simu, akaangalia intaneti. Akashusha, akashusha tena. Watu wamekaa. Mmoja kwenye safu ya mbele anafungua chupa ya maji. Dalali akasema asante, akapita kwenye picha inayofuata.

Nikafurahi. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Halafu nikakaa nikaandika imedoda mbele ya picha ya mama yangu, na vidole vikaanza kuniuma.

"Baba, haikufikia bei," nilimwambia kwenye simu. "Inarudi nyumbani."

"Hakuna aliyemtaka?"

"Waliweka makadirio juu sana, baba, soko lenyewe msimu huu..."

"Hakuna aliyemtaka," akasema, na safari hii hakuwa anauliza.

Ilirudi kwenye sanduku la mbao, limepigwa skrubu. Baba akasaini, wakaliweka pale mlangoni mwa sebule, na hapo ndipo lilipobaki. Hakulifungua. Alikuwa analizunguka akipita, kwa ubavu, kama unavyompita mtu uliyemkosea. Chumbani msumari ulikuwa mtupu. Asubuhi alikuwa anavaa viatu moja kwa moja. Halafu akaacha kuvaa viatu. Halafu akaacha kunyoa. Dada alimpima presha, akamletea vidonge, akambembeleza, akamfokea. Kaka alikuja na bisibisi akasema, "Baba, nafungua." Baba akamshika mkono, na kaka anasema hajawahi kujua kwamba mzee bado ana nguvu zile.

Mimi ndiye niliyeambiwa sababu. Nilikuwa nimekaa naye sebuleni, mchana, sanduku liko katikati yetu.

"Nitamtazamaje?" akasema. "Nilimtoa mke wangu ukutani nikampeleka sokoni. Watu wamemwangalia, wamenyamaza. Benchi waligombania. Benchi! Mke wangu mwenyewe wakamwacha amesimama pale. Halafu mimi nimrudishe ukutani nimwambie umeamkaje? Ataniuliza nilikuwa nataka kujua nini."

Sikuvumilia tena. Mtu atasema ningeendelea kunyamaza. Huyo hakumwona baba ndevu zake zimejaa makombo, akimlilia mama kama mume aliyefumaniwa. Nikamwambia yote. Stoo ya mashuka. Gari. Bahasha. Nikasema haraka haraka, kichwa chini, na nilipomaliza nikasema, "Kwa hiyo si mama waliyemkataa, baba. Ile bei ya kwanza ndiyo ilikuwa uongo. Bila ile bei wasingeweka makadirio yale. Mama hana kosa."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira ukutani, unasikia kishindo, unasikia kishindo.

"Wote wawili walikuwa wanangu," akasema.

"Wote wawili."

"Mwingine hakuwepo? Hata pale mwanzo? Hata mmoja wa kuanzia tu?"

Ningeweza kumpa huyo mmoja. Ilikuwa rahisi. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, na mimi uongo haunikai. "Hakuwepo, baba."

"Sisi tuliitaka lakini," nikaongeza. "Tuliitaka mpaka tukapigana."

"Nyinyi ni wanangu, binti yangu," akasema kwa upole kabisa, akinigusa goti. "Nyinyi hamhesabiki."

Akaenda jikoni, akarudi na bisibisi. Alifungua sanduku mwenyewe, skrubu moja moja, hakutaka nimsaidie. Akamtoa mama, akafuta kioo kwa pindo la shati, akampeleka chumbani. Nikasikia msumari ukilia. Nilipochungulia alikuwa amesimama mbele yake, mabega yameshuka, anamwambia, "Kumbe si wewe. Ni mimi." Akairudia, kama mtu aliyeletewa habari njema ya mwenzake na mbaya ya kwake kwa barua moja.

Nilipata nilichokitaka. Mama yuko ukutani. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikalia, na yeye akakaa pembeni yangu, akanipa leso yake. Ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia picha, ile ya zamani, sijui inatoka wapi mpaka leo.

"Kwenye hizo kumbukumbu zenu," akasema baadaye, "unaweza kunifuta?"

"Hatufuti, baba. Mtu akishaingia haondoki."

"Hata akifa?"

"Hata akifa."

Akafikiri. "Nimesikia mtu akifa bei inapanda."

"Wakati mwingine. Watu wanakumbuka, wanaanza kutafuta. Si wote."

"Basi mimi nikifa, waambie kaka yako na dada yako wasinunue," akasema. "Hata ikidoda. Nataka kujua."